Anayepigiwa chapuo kwa 8.00

Kibanda ninachobetia kipo Magomeni, hapa Mtwara mjini, kina televisheni nne ukutani. Tatu zinaonyesha mpira. Ya nne ina farasi wa kompyuta, wanakimbia kila baada ya dakika chache kuanzia asubuhi mpaka keshia afunge, hawachoki, hawaugui, hawali hata majani. Vijana wanawaita "farasi" bila aibu. Jumamosi moja kwa mwaka, mwezi wa nne, namwomba dada wa kaunta atuwekee farasi wenyewe, wale wenye mavi na jasho, wanaokimbia Aintree, nje kidogo ya Liverpool. Kwa saa zetu mbio zinaanza saa kumi na mbili jioni na kwisha dakika kama kumi baadaye, kwa hiyo hata wa kuswali magharibi anazimaliza na anawahi msikiti.

Mbio hizo ni Grand National, na msimu wake unakaribia tena. Simu yangu imeanza kujaa swali lile lile: "Kaka, mwaka huu nani?" Jibu langu linawaudhi watu. Sitaji jina, nataja bei.

Nianze na bei basi. Waingereza wanaandika odi, yaani bei za kubeti, kwa mkwaju: 7/1, 33/1, 100/1. Usitishike. 7/1 maana yake ukiweka moja unapewa saba na moja yako inarudi, kwa hiyo kwenye mkeka wetu hiyo ni 8.00. 33/1 ni 34.00. Ukitaka kujua bei inasema nini kuhusu farasi, gawa moja kwa namba hiyo. Farasi wa 8.00 ana nafasi moja katika nane. Sasa geuza sentensi: soko lenyewe linasema atashindwa mara saba katika nane. Na huyu ndiye anayeongoza orodha! Kwenye mpira, timu inayopigiwa chapuo unaipata kwa 1.40 na ikichana mkeka mtaa mzima unanuna. Aintree, anayepigiwa chapuo ni yule tu ambaye watu wanamtilia shaka kidogo kuliko wenzake.

Sababu ziko wazi ukiangalia uwanja. Ni karibu kilomita 7, viunzi 30 vya kuruka, farasi 34 wanaanza pamoja (walikuwa 40, idadi ikapunguzwa mwaka 2024 kwa ajili ya usalama). Halafu kuna uzito. Farasi anayeonekana bora anabebeshwa mzigo mkubwa kuliko wote, hadi kama kilo 75 pamoja na mpandaji, na walio dhaifu wanapunguziwa. Mpangaji wa uzito anakaa na rekodi zao kwa kusudi moja, wote 34 wafike mwisho kwa wakati mmoja. Hawezi, bila shaka, lakini anakaribia kiasi cha kukuharibia hesabu.

Mjomba mmoja wa Nanyamba, mkulima wa korosho, hushuka mjini na kukaa na sisi akinywa kahawa ya mzee wa birika pale nje. Habeti. Anasema pesa yake ina miguu ya kutosha. Mwaka juzi alinyoosha kidole kwenye skrini akauliza, "Hiyo namba kwenye farasi nani kaiandika?" Nikaanza kumweleza mambo ya wataalamu, rekodi, hali ya nyasi. Akanikatiza.

"Mpwa wangu, hiyo ni bei ya mnada tu."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Anayejua mnada wa korosho anajua: mzigo upo ghalani, wanunuzi wanaandika bei zao, zinasomwa, wakulima wanakubali au wanakataa. Bei ile haisemi korosho ya Nanyamba ni tamu kiasi gani. Inasema wanunuzi siku hiyo wako wangapi, wana njaa kiasi gani, na nani kasikia nini. Mzigo ule ule wiki inayofuata unapanda au unaporomoka na korosho hazijabadilika hata punje. Odi ni hivyo hivyo. Farasi akitajwa sana redioni, watu wakimwaga pesa juu yake, kampuni inashusha namba yake kutoka 15.00 hadi 9.00, na farasi mwenyewe yuko zizini anatafuna, hana habari.

Wamarekani wameliweka hili wazi zaidi. Kentucky Derby, inayokimbiwa Louisville Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, pesa zote zinaingia chungu kimoja, mwenye uwanja anakata chake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Namba inacheza mpaka lango linapofunguliwa, kwa hiyo ukisema "nimempata kwa 6.00" saa sita mchana umejidanganya, maana utalipwa kwa bei ya mwisho. Sasa sikiliza. Kuanzia 2013 hadi 2018 aliyependwa zaidi alishinda miaka yote sita mfululizo. Watu wakaapa kwamba Derby imekuwa rahisi. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakushinda hata mmoja wao. Mwaka 2022 alishinda Rich Strike, farasi wa 80/1 aliyepata nafasi siku moja kabla ya mbio baada ya mwingine kujitoa. Wenye hesabu za "mfululizo" hukumbuka ile sita, hii saba wanaipita haraka.

Aintree nayo ina mitego ya aina hiyo. Ilisemwa kwa miaka mingi kwamba farasi wa miaka saba ni mchanga mno kwa mbio hizi, na kweli hakuna aliyekuwa ameshinda tangu 1940. Mwaka 2022 akaja Noble Yeats, miaka saba, 50/1, mgongoni amebeba Sam Waley-Cohen, mpandaji wa ridhaa aliyekuwa ametangaza kwamba akishuka hapo anastaafu. Akashinda. Mwaka uliotangulia Rachael Blackmore alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo, juu ya Minella Times, 11/1, huku Cloth Cap aliyependwa kuliko wote hakumaliza. Dada wa kaunta, ambaye kwa kawaida hata hageuzi shingo kutazama, siku ile alipiga kigelegele nyuma ya nondo.

Nisije nikaonekana nasema anayependwa hashindi. Tiger Roll alishinda 2019 kwa 4/1, na ilikuwa mara yake ya pili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Red Rum wa 1973 na 1974. Corach Rambler alishinda 2023 kwa 8/1 akiwa kinara wa orodha. I Am Maximus 2024, 7/1. Wanashinda. Ila hawashindi mara za kutosha kunifanya niikubali bei, na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu kibandani. Wao wanauliza atashinda au hatashinda. Mimi nauliza kwa bei hii ananidai nini.

Mfano ninaoupenda ni wa 2025. I Am Maximus alirudi, bingwa mtetezi, kabebeshwa uzito wa juu kabisa, na bado watu walimkimbilia. Katika zizi hilo hilo la Willie Mullins wa Ireland, kwa mkufunzi huyo huyo, alikuwepo Nick Rockett kwa 33/1, akipandwa na Patrick Mullins, mtoto wa mkufunzi mwenyewe, naye mpandaji wa ridhaa. Nick Rockett wa kwanza, I Am Maximus wa pili, na wa tatu naye akatoka zizi hilo hilo. Waliolijua zizi walikuwa sahihi kabisa, ila wengi waliweka pesa kwenye jina lililokwisha pandishwa bei. Tangu siku ile nasoma kwanza jina la mkufunzi, ndipo nishuke kwa farasi.

Halafu kuna 1967, ambayo huwa naisimulia kila mwaka na kila mwaka kuna kijana mmoja anasema naongopa. Walikuwa wamezunguka mara ya pili, wako kwenye kiunzi cha 23, kimojawapo cha vile vifupi. Mbele yao alikuwepo Popham Down, aliyekwisha mwangusha mpandaji wake mapema akaendelea kukimbia peke yake. Alipofika pale akakata kulia akawazibia njia wenzake. Wa kwanza wakagonga, wa nyuma wakawagonga wa kwanza, farasi wakageuka, wengine wakakimbia kurudi walikotoka, wapandaji wako chini wanatafuta hatamu. Nyuma kabisa, mbali kiasi cha kuwa na muda wa kutazama vurugu na kuchagua upenyo, alikuwa anakuja Foinavon, 100/1. Mpandaji wake John Buckingham akampitisha pembeni, akaruka, akatazama nyuma hakuna mtu. Mkufunzi wake hata hakwenda Aintree siku hiyo, alikuwa Worcester kwenye mbio nyingine. Honey End, aliyependwa zaidi, alijikwamua akamfukuza mpaka mwisho, akaambulia nafasi ya pili. Waliobeti kwenye chungu cha pamoja badala ya bei ya kampuni walilipwa 444 kwa moja. Kiunzi kile leo kinaitwa Foinavon.

Kijana anayesema naongopa ndiye huyo huyo anayeweka elfu tano kila robo saa kwenye farasi wa kompyuta. Hapo uvumilivu wangu unaisha. Farasi wale hawana zizi, hawana mkufunzi, hawana mvua wala matope. Mashine imeshachagua namba na katuni inakuja kukuonyesha tu. Mwaka 2020, Grand National ilipofutwa kwa sababu ya korona, Waingereza walikimbiza ya kompyuta, akashinda Potters Corner, na faida ikapelekwa kwa mfuko wa wahudumu wa afya. Nakubali, walikuwa wamefungiwa ndani na pesa ilikwenda mahali pazuri. Ya pale Magomeni haina korona wala hospitali. Unaweka, unapoteza, dakika tatu wanapanga mstari tena.

Na kwenye mbio zote, za damu au za katuni, mwenye kibanda keshakata chake kabla hujafika. Rusha sarafu: haki yake ni 2.00 kila upande. Kampuni itakupa 1.85 na 1.85. Ukigeuza kuwa asilimia unapata 54 na 54, jumla 108. Zile nane za juu ndiyo kodi ya nyumba ya mwenye kibanda. Hiyo ni sarafu yenye pande mbili. Sasa fikiria farasi 34, kila mmoja kapunguzwa kidogo. Na ukishinda, serikali nayo inakata yake.

Kosa langu la gharama kubwa lilikuwa la kununua mapema. Mwezi wa pili uzito unapotangazwa, kampuni moja ilikuwa na farasi niliyempenda kwa 34.00. Wiki chache baadaye akashuka hadi 17.00, nikawa natembea mjini kifua mbele. Siku chache kabla ya mbio akaondolewa, mguu. Nikadhani narudishiwa. Huduma kwa wateja wakanisomea kifungu: ukinunua bei ya mapema na farasi asikimbie, dau limekwenda. Ningenunua baada ya orodha ya mwisho, halafu aondolewe, ningerudishiwa. Nikamsimulia mjomba. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akasema, "Kangomba. Sisi tunauza korosho mapema kwa walanguzi tukiwa na njaa, wewe umenunua mapema ukiwa umeshiba. Ndiyo tofauti tu."

Kwa hiyo mwaka huu utaratibu wangu ni huu. Orodha ya mwisho hutoka Alhamisi, mimi hapo ndipo natoa mfuko. Anayeuzwa chini ya 10.00 namwacha, hata kama mtaa mzima unamwimba. Natafuta farasi wa pili au wa tatu wa zizi kubwa, kati ya 20.00 na 40.00, aliyewahi kumaliza mbio ndefu akiwa amesimama. Nagawa dau mara mbili, nusu ashinde, nusu ashike nafasi. Kwa kawaida ya kampuni za Uingereza, nafasi nne za kwanza zinalipwa robo ya bei. Tuseme elfu mbili na elfu mbili kwa 34.00: akiwa wa nne napata 18,500, akishinda 86,500, akianguka nimepoteza elfu nne, ambayo ni kahawa ya mjomba kwa muda mrefu kidogo.

Mjini kwetu farasi hawapo. Kizazi cha mababu kiliwaona wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na mbung'o akawamaliza kwa maelfu. Mjomba anasema babu yake alisimulia harufu tu, farasi wenyewe hakuwahi kuwataja. Nilimuuliza kama Jumamosi hiyo atakuja kutazama. Akasema atakuja, ila kiti chake kiwe cha karibu na mlango, na nisimwombe achague.

Namba yake anayo, nimemwona akiangalia.