Baba Foleni

Habari za kifo cha Muhammadu Buhari, rais wa zamani wa Nigeria, zilipoingia Jumapili ya Julai 13, 2025, nilikumbuka ujumbe wa sauti niliotumiwa na rafiki yangu wa Lagos Februari 2023. Ilikuwa saa sita usiku. Alikuwa nje ya benki tangu magharibi, anasubiri kutoa hela zake mwenyewe. Nyuma yake jenereta linanguruma na watu wanagombana nani alitangulia. Alisema mzee huyu aliwapokea kwa foleni na sasa anawaaga kwa foleni.

Kuwapokea kulianza Desemba 31, 1983, jeshi lilipompindua Rais Shehu Shagari na kumweka huyu Meja Jenerali wa Daura, mji wa kaskazini, mrefu, mwembamba, asiyecheka ovyo. Machi 1984 ikatangazwa vita dhidi ya utovu wa nidhamu. Askari wakajaa vituo vya mabasi na viboko mkononi: usipopanga mstari, unacharazwa. Kiboko chenyewe wanakiita koboko, jina ambalo kwetu ni la nyoka anayeua kabla hujafikishwa zahanati. Mtumishi wa serikali akichelewa kazini, mtu mzima na tai yake shingoni, anarushwa kichurachura mbele ya makarani wake.

Tusijifanye, wengi walishangilia. Hata huku kwetu, kaa kijiweni nusu saa tu, atatokea mtu wa kukuambia Waafrika bila kiboko hatuendi. Tatizo ni kwamba kiboko hakikubaki kituo cha basi. Kwa Amri Namba 4, iliyobana magazeti, waandishi wawili wa gazeti la The Guardian la Lagos, Tunde Thompson na Nduka Irabor, walikwenda jela. Mwanamuziki Fela Kuti naye akafungwa kwa kosa la fedha za kigeni. Watu watatu wakapigwa risasi kwa dawa za kulevya, kosa ambalo walipolitenda halikuwa na adhabu ya kifo.

Halafu kuna lile kasha. Julai 5, 1984, Umaru Dikko, waziri wa zamani wa Shagari aliyekimbilia London, alinyakuliwa mchana kweupe nje ya nyumba yake, akachomwa sindano ya usingizi, akafungiwa kwenye kasha la mizigo pamoja na daktari wa kuhakikisha hafi njiani. Ndege ya Lagos ilikuwa inasubiri uwanja wa Stansted. Maofisa wa forodha walilifungua kwa sababu makaratasi hayakukamilika. Serikali ya Nigeria ilikana kuhusika. Mimi huwa namfikiria yule daktari, amekunja magoti gizani, anasikiliza pumzi za mtu asiyemjua.

Agosti 1985 jenerali mwenzake, Ibrahim Babangida, akampindua, na Buhari akakaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu.

Heshima yangu kwake inaanzia alipoacha bunduki. Aligombea 2003, akashindwa. 2007, akashindwa. 2011, akashindwa tena, na vurugu zilizofuata kaskazini ziliua mamia ya watu, doa ambalo wapambe wake hawapendi kulitaja. Alirudi 2015 akijitambulisha kama mtawala wa kijeshi aliyeongokea demokrasia, akamshinda Goodluck Jonathan kwa kura milioni 15.4 dhidi ya milioni 12.9. Haikuwahi kutokea Nigeria rais aliye madarakani kushindwa kwa kura. Jonathan alimpigia simu kumpongeza, na nchi ikalala salama. Mwaka uleule Tanzania tulimpata wetu wa kutumbua majipu, nami nikawa mmoja wa walioamini kwamba zama za viongozi wasioiba zimewadia.

Basi, ikachukua zaidi ya miezi mitano kuapisha mawaziri. Wanigeria msongamano wa magari wanauita "go-slow", wakambatiza Baba Go Slow. Kwa Kiswahili tungemwita Baba Foleni, na jina lingemkaa vizuri zaidi, maana foleni yetu ni ya magari na ya watu pia.

Wanaobishana kama aliongoka kweli naona wanahangaika bure. Aliongoka kiasi chake. Alitumikia vipindi viwili akaondoka bila kugusa katiba. Aliirudishia Juni 12 heshima yake, siku ya uchaguzi wa 1993 ambao ushindi wa mgombea Moshood Abiola ulifutwa na jeshi. Reli ya Lagos–Ibadan ipo, watu wanapanda. Kisichoongoka ni fikra zake za uchumi, ambazo zilibaki za bwana ghala wa kambini: vitu vinapungua kwa sababu raia ni wezi, kwa hiyo funga geti, badilisha noti, panga watu mstari. Mwaka 1984 alifunga mipaka na kubadilisha rangi za naira. Agosti 2019 akafunga mipaka ya nchi kavu ili mchele wa magendo usiingie, na ikakaa hivyo zaidi ya mwaka.

Mwishoni mwa 2022 ikaja zamu ya noti za 200, 500 na 1,000. Za zamani ziliondolewa, mpya hazikutosha, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Mawakala wakaanza kuuza pesa taslimu kama mtu anavyouza nyanya. Rafiki yangu ana akaunti iliyojaa, ana kazi, na usiku ule hakuwa na nauli ya kurudi nyumbani. Askari mwenye koboko hakuwepo. Foleni ilikuwa ileile.

Jambo moja limenikaa rohoni kuliko hata noti. Aprili 2016 alitangaza kuwa serikali haitagharamia matibabu ya nje kwa maofisa kama maradhi yanatibika nyumbani. Mwaka 2017 yeye mwenyewe alikaa London zaidi ya siku 100 mfululizo akitibiwa, na aliporudi ofisi ilikuwa imetafunwa na panya, msemaji wake ndiye aliyesema hivyo, ikabidi rais afanyie kazi nyumbani. Alikaa miaka minane madarakani, akaondoka 2023, na kifo kikamkuta London, ndani ya hospitali.

Alizikwa Daura, Julai 15, uani kwake. Nilimtumia rafiki yangu rambirambi. Alijibu kwamba marehemu hakuwa mwizi, Mungu amrehemu. Akaongeza kuwa noti zile za zamani Mahakama ya Juu ilizirudisha, na ndizo alizotoka kununulia mkate asubuhi ile.