Gari la Hockenheim na Leithi ya Kariobangi

Huu ni mwaka wangu wa tatu Ujerumani, na jioni zangu nyingi huishia karakana, tunapounda gari la Formula Student. Kila Agosti timu za vyuo hukutana Hockenheim na magari ya kiti kimoja waliyoyabuni wenyewe. Kuna mbio fupi ya mita 75, na ile ndefu ya kilomita 22 inayoyavunja mengi. Mimi nilipewa habu, kitovu kinacholishika gurudumu, ya gurudumu la mbele. Bonge la alumini 7075, aina iliyo imara sana, likafungwa ndani ya mashine ya CNC, inayokata kwa kuongozwa na kompyuta, maji ya kupozea yakamwagika, na habu ikatoka kama ilivyochorwa. Sikuigusa mpaka ilipokwisha.

Nikamkumbuka mzee aliyenifunza leithi, mashine inayozungusha chuma kikikatwa, kwenye karakana za Kariobangi Light Industries, Nairobi, wakati wa likizo. Mteja akimletea bushi, yaani bomba fupi la kushikilia mhimili, iliyolika, bila mchoro, huizungusha kidoleni, akaipima kwa vernia iliyofutika namba, akakuambia ilikuwa na unene gani ilipokuwa mpya. Kisu kikianza kulia kwa sauti nyembamba, hupunguza mwendo huku akizungumza na mtu mwingine. "Sikiliza chuma, kijana. Kinasema."

Kwa hiyo nikiulizwa na watu wa nyumbani kama wenzetu wametuzidi akili, nakataa. Wametuzidi kujua wanachokikata. Alumini ya huku huja na cheti cha kilichomo ndani. Sisi tuliyeyusha silindahedi kuukuu za injini, na ukipasua kipande unakuta vitundu vya hewa. Siwezi kumfungia dereva gurudumu kwa kitu hicho. Tena beringi hubanwa kwa tofauti ya sehemu chache za mia za milimita, na pale vernia ya mzee haimsaidii, hata mkono wake uwe hodari vipi.

Linaloniuma ni jingine. Chuoni Nairobi tulichorewa leithi ubaoni muhula mzima, na Kariobangi ilikuwa safari ya matatu moja. Hakuna aliyetupeleka. Naamini mwanafunzi wa uhandisi angepaswa kukaa kwa fundi kama yule miezi mitatu, na fundi alipwe kama mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Nimenunua maikromita, kipimo kilicho makini kuliko vernia, ya milimita 25 hadi 50. Desemba naibeba mwenyewe kwenye mkoba wa mkononi. Mzee ameshaniuliza mara mbili kama inasoma hadi milimita 0.01.