Aliyesimama Tuli Naye Yupo

Programu nyingi za kamera zinazotengenezwa kucheza na watu, iwe ukuta wa maonyesho unaotoa rangi ukipita au mchezo wa watoto kwenye skrini, zina upendeleo unaoniudhi. Humjali anayerukaruka na kumsahau aliyetulia. Bibi aliye kwenye kiti cha magurudumu, mtoto mwenye haya aliyejibanza nyuma ya mama yake: kwa programu hizo, hawapo.

Chanzo ni njia rahisi tunayoanza nayo karibu sote. Unachukua fremu ya sasa, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana katika video, na kuilinganisha na iliyotangulia, pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta. Tofauti ikivuka kizingiti, tuseme 30 katika kipimo cha mwangaza cha 0 hadi 255, unahesabu kuwa pana mwendo. Ni mistari michache ya msimbo wa programu, na hata kompyuta kuukuu inaimudu. Lakini itazame picha inayotoka. Mtu mwenye shati la rangi moja akisogea, kifua chake chote hubaki cheusi, na kinachowaka ni kingo za mabega na mikono tu. Akisimama, hata hizo kingo huzimika.

Pale mwendo wenyewe unapokuwa ndiyo kazi, sina ugomvi. Msanii David Rokeby wa Kanada, miaka ya 1980, aliunda Very Nervous System, kazi ya sanaa ambamo miondoko ya mwili hugeuka sauti, na kimya cha aliyetulia kina nafasi yake. Ila moyo wangu uko kwa msanii Myron Krueger wa Marekani na Videoplace yake ya miaka ya 1970, ambamo umbo la mshiriki huonekana kwenye skrini. Yeye alitaka umbo zima la mtu, kwa hiyo nyuma ya mshiriki aliweka ukuta wenye mwanga ili kamera imtenganishe vizuri. Baadaye akaongeza kijidudu kwenye skrini, kikawa kinapanda umbo lako hadi utosini na kucheza hapo. Ukitulia, ndipo kinapopata pa kupanda!

Leo hatuhitaji ukuta huo. Unapiga picha ya mahali pakiwa patupu, kisha unalinganisha kila fremu nayo. Shida ni mwanga: wingu likipita, kamera hujirekebisha yenyewe, na ghafla chumba kizima kinahesabiwa kuwa mtu. Zima marekebisho hayo kabla hujagusa msimbo.

Wengi hukimbilia MOG2, zana iliyomo katika OpenCV (mkusanyo wa programu za kuchakata picha), inayojifunza mandharinyuma yenyewe. Mpangilio wake wa kawaida ni historia ya fremu 500, yaani hujifunza kutokana na fremu hizo za karibuni. Kwa kuhesabu magari barabarani inafaa sana. Kwa mtu aliyesimama kutazama mchoro ni balaa, maana humezwa taratibu mpaka akawa sehemu ya ukuta, na akiondoka, pale alipokuwa panahesabiwa kuwa pana mtu mpya. Weka kasi ya kujifunza iwe 0 mtu anapokuwapo, uirudishe pakiwa patupu.

Ombi langu kwa wanaojengea shule na makumbusho: kabla ya kuongeza rangi na muziki, mkalishe mtu kitini dakika mbili asifanye lolote. Kisha mlete mwenye ngozi nyeusi, avae nguo nyeusi, akae mbele ya pazia jeusi. Programu ikimpoteza mmoja wao, bado haijawa tayari kufunguliwa kwa watu.