Kupunguza mafuta si kumshusha mtu kwenye bodaboda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kesho yake kijiwe cha bodaboda ninachopandia pale Mbuyuni, Moshi, hugeuka bunge. Bei mpya imeshasomwa kwenye simu tangu usiku. Asubuhi kinachobaki ni ubishi.

Mwezi hadi mwezi ubishi huo una pande mbili. Wapo wanaouliza kwa nini nchi yenye gesi, yenye bomba la mafuta linalokwenda Tanga, yenye wataalamu wanaotafuta mafuta bonde la Eyasi, bado inaagiza petroli yote na dizeli yote kutoka nje. Dawa yao ni tuchimbe yetu, tusafishe yetu. Na wapo wachache wanaosema tupunguze matumizi: mizigo irudi kwenye reli, pikipiki na magari yahamie kwenye umeme na gesi. Hawa wachache hawamalizi sentensi. Jibu wanalopewa nalijua, kwa sababu na mimi nimewahi kulitoa: "Wewe unajaziwa na ofisi, mimi hapa nipunguze nini?"

Jibu hilo linauma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mtanzania wa kawaida anachoma mafuta kidogo mno ukimlinganisha na Mmarekani au Mzungu. Mafuta atakayopunguza ni ya kazini: lita mbili za boda, dizeli ya Fuso la nyanya, petroli ya pampu ya kumwagilia. Ukimwambia huyu abane matumizi umemwambia abane kipato. Lakini naona wanaosema tupunguze wamesikika vibaya. Hawasemi watu wasafiri kidogo. Wanasema safari ileile ilipiwe kwa kitu tulichonacho badala ya kitu tunachokinunua kwa dola.

Hoja ya kuchimba ina uzito wake, na si ndoto za vijiweni. TPDC, shirika la mafuta la taifa, imekuwa ikifanya utafiti Eyasi Wembere, eneo ambalo upande wake mmoja uko Karatu, kwa jirani zetu mkoani Arusha. Gesi ipo kweli: Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na kiasi kilichothibitishwa kuwapo ardhini na baharini ni futi za ujazo trilioni 57 na zaidi. Kiwanda cha kusafisha mafuta tuliwahi kuwa nacho, TIPER pale Kigamboni, kilichofunguliwa 1966. Ila watu husahau kwamba hata enzi za TIPER mafuta ghafi yenyewe yalikuwa yakija kwa meli kutoka nje. Kiwanda kilihamisha kazi ya kusafisha, hakikuondoa kuagiza. Na bomba la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443 ambazo 1,147 ziko ndani ya Tanzania, limejengwa ili mafuta ghafi ya Uganda yafike baharini, yapakiwe melini na kuondoka. Tutapata ushuru wa kupitisha, tutapata gawio la hisa zetu, tumepata ajira. Petroli ya Moshi haitatoka humo. Tenka litaendelea kupakia Tanga mafuta yaliyokuja na meli nyingine.

Hata kuagiza kwenyewe tumejifunza kukufanya vizuri. Kabla ya mfumo wa kuagiza kwa pamoja kuanza, mwishoni mwa 2011, kila kampuni ilileta kivyake, meli zikikaa foleni bandarini na gharama za kusubiri zikiangukia kwa mnunuzi. Leo zabuni ni za pamoja, na tangu meli zianze kushusha Tanga kwa ajili yetu wa kaskazini, mafuta hayalazimiki tena kusafiri kutoka Dar es Salaam kuja Arusha. Anayesema tumekaa tu bila kufanya lolote hasemi kweli.

Lakini dola iko palepale, na hapa ndipo ninapoomba wenzangu wa Moshi tukae kidogo.

Sisi dola tumeijua kupitia kahawa. Babu zetu waliingia kwenye vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933, kwa sababu walielewa kwamba punje inayotoka Kibosho inapimwa kwa fedha ya mtu mwingine. Sasa chukua kahawa yote ya Tanzania, ya kwetu hapa, ya Mbinga, ya Mbozi na ya Kagera, uiuze nje kwa mwaka mzima. Fedha yote hiyo haitoshi kulipia mafuta ya nchi hii kwa miezi mitatu, maana mafuta yanatumaliza zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi nikipita kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vilivyong'olewa mibuni vikapandwa nyumba, na kila mara inanirudisha palepale. Palizi, kupiga dawa, kuchuma, kukoboa, kuanika, kazi yote ya mwaka ya mamia ya maelfu ya kaya, inaishia kwenye matenki ya magari kabla robo ya mwaka haijaisha.

Watu wa Arusha watanijibu kwamba siku hizi dola inaletwa na utalii, na ni kweli. Mwaka 2024 nchi ilipokea wageni milioni 2.1, wakaacha takriban dola bilioni 3.9. Lakini mgeni huyo akishuka uwanja wa ndege wa KIA anapandishwa Land Cruiser ya dizeli, anapelekwa Ngorongoro, anapandishwa kingo za kreta, anateremshwa hadi Seronera, katikati ya Serengeti, zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, kisha arudi. Sehemu ya dola aliyokuja nayo inarudi ilikotoka kupitia bomba la dizeli kabla haijamfikia muuza ndizi wa Mto wa Mbu.

Mafuta yanaponunuliwa kwa dola, bei ya sheli inaweza kupanda bila pipa kupanda. Inatosha shilingi ishuke. Na dola ikikosekana kabisa, bei inakuwa si kitu tena. Katikati ya 2023 waagizaji walilalamika hawapati dola, vituo kadhaa vikafungiwa kwa tuhuma za kuficha mafuta, na nakumbuka jioni moja nikizunguka sheli tatu mjini Moshi, pampu zimefungwa kamba, mlinzi anatikisa kichwa hata kabla sijasimama. Oktoba mwaka huo petroli Dar es Salaam ilifika Sh 3,281 kwa lita, na huku kwetu ilikuwa zaidi. Desemba LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikaruhusu nauli mpya. Kufika Januari 2025 petroli Dar es Salaam ilikuwa imeshuka chini ya Sh 2,800. Nauli ilibaki juu. Mama anayepeleka mchicha soko la Kiborloni aliulipa mtikisiko ule na anaendelea kuulipa.

Wazee wetu wanakumbuka mbaya zaidi. Baada ya bei ya dunia kuruka mwaka 1973 na tena 1979, huku vita ya Kagera ikiwa imekula akiba, ilifika mahali magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mwalimu Nyerere alizoea kuyapima machungu ya miaka ile kwa mazao: lori la tani 7 lililonunuliwa mwaka 1981 lilihitaji kahawa mara 3 ya ile iliyohitajika miaka 5 kabla. Kupunguza matumizi kwa amri tumeshakuonja, na nadhani ndiyo sababu neno lenyewe linawachefua watu. Wanasikia "tupunguze" wanaona Jumapili ya miaka ile.

Turudi kijiweni. Kuna kijana mmoja ambaye hunipeleka Kibosho nyumbani, yuko kwenye mkataba, analipa Sh 8,000 kila siku hadi pikipiki iwe yake. Kupanda anaminya moto hadi injini inalia. Kuteremka anafanya jambo ambalo mara ya kwanza lilinitoa jasho: anazima injini na kuiachia pikipiki ishuke yenyewe, kilomita kadhaa za kona, kimya kabisa, unasikia upepo na breki tu. Nilimgombeza. Akanijibu bila kugeuka, "Mzee wangu, hapa ndipo ninapopata hela ya chai." Ile akiba anayoihatarishia shingo yake na yangu haifiki hata nusu lita.

Nilikaa naye tukapiga hesabu. Milima yetu inamla lita 2.5 kwa kilomita 100. Kwa petroli ya Sh 3,000 hiyo ni Sh 7,500, karibu sawa na hesabu ya bosi. Pikipiki ya umeme ya kazi hiyohiyo inakula kama uniti 4. Uniti ya TANESCO kwa biashara ndogo, kodi ikiwemo, ni kama Sh 357. Jumla Sh 1,430. Akasema nimependelea, mlima wa Kibosho sijauweka. Tukaweka mlima, tukaweka umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tukafanya uniti 6. Ikaja kama Sh 2,140. Bado zaidi ya Sh 5,000 zinabaki mfukoni mwake kwa kila kilomita 100, na kwa mtu anayepiga kilomita hizo karibu kila siku hiyo ni ada ya mtoto. Na sehemu kubwa ya umeme huo inatoka kwenye maji ya Rufiji, bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Machi 2024 mitambo ya vituo vitano vya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi ilikuwa na umeme wa kumwaga huku kijana wangu akishuka Kibosho bila injini kuokoa nusu lita.

Alinitazama, akauliza swali ambalo upande ninaoutetea unapaswa kulijibu vizuri kuliko unavyolijibu sasa: "Nani atanipa mkataba wa hiyo ya umeme?" Betri ndiyo bei ya pikipiki, na tajiri anayekopesha boda za petroli anajua akinyang'anya pikipiki atamuuzia nani. Ya umeme hajui. Kisha umeme wenyewe huku kwetu unakatika. Sisi tuko mwisho wa laini ndefu, na Machi 2025 Rais Samia, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza kwamba serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, kwa sababu umeme mwingi unapotea njiani kutoka kusini. Watu walipiga kelele sana. Mimi niliona ni jambo la kupimwa, lakini linaonyesha kwamba umeme wa Rufiji haumfikii mtu wa Moshi kwa kuutaja tu.

Kuna kigingi kingine kinachosemwa kwa nadra. Serikali yenyewe inategemea lita. Mwaka 2021 iliongeza Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, 2023 ikaongeza Sh 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati, na tozo ya nishati vijijini, ile iliyovuta nguzo hadi milimani kwetu, nayo iko ndani ya bei ya mafuta. Boda zote zikihamia kwenye umeme kesho, barabara ya Kibosho italipiwa na nani? Watetezi wa kupunguza wengi hawaligusi swali hili, na wanakosea. Inabidi pawepo tozo ya njia itakayofuata gari na si tenki, na iwekwe taratibu, maana ukiiwahisha unamkatisha tamaa yule aliyethubutu kwanza. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli kwa mkupuo. Sitamani tufanye hivyo.

Natamani tuanze palipo wazi. Reli ya Tanga hadi Arusha ipo, treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, lakini tenka bado yanapandisha kwa barabara, zaidi ya kilomita 350 kutoka Tanga hadi Moshi, yakichoma dizeli ili kutuletea dizeli, na gharama hiyo iko kwenye bei ya EWURA ya wilaya yako. Behewa moja la tanki linabeba mzigo huo kwa mafuta machache zaidi, hata kichwa cha treni kikiwa cha dizeli. Karakana za Arusha zimeshaanza kubadilisha Land Cruiser za watalii ziwe za umeme, na gari linalolala kambini kila usiku lina muda wote wa kuchaji kwa jua la mchana lililohifadhiwa. Boda ni ya tatu, na hiyo inahitaji mtu wa kubeba hofu ya betri, iwe benki, iwe halmashauri kupitia ile asilimia 10 ya mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Juzi nilimuuliza kijana wangu: mkataba ukiwa Sh 8,000 ileile, betri ikiharibika si juu yako, utachukua? Tulikuwa tumefika kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Alikuwa ameshashika ufunguo kuzima injini. "Hata leo jioni, mzee wangu," akasema, akazima.