Ukitaka Iwake, Hiyo Ni Bei Nyingine

Ukisikia mtu anasema kompyuta za mezani siku hizi ni bei chee Kariakoo, muulize swali moja tu: chee ikiwa imezimwa, au chee ikiwa inawaka? Maana hizo ni bei mbili tofauti, na mimi nimezilipa zote.

Sipiyu yenyewe, lile boksi la kompyuta, nimeuziwa laki na ishirini. Dell OptiPlex 780, ile ya kusimama, prosesa, yaani ubongo wake, ni Core 2 Duo, na ramu, kumbukumbu yake ya kazi, ni giga mbili. Winga, dalali wa mtaani aliyenipeleka dukani, alinisindikiza tangu Mtaa wa Msimbazi akiniita tajiri kila hatua, mpaka nikaanza kuzionea aibu kandambili zangu. "Tajiri, hii imetoka Uingereza, haijachezewa kabisa. Mzungu alikuwa anaifuta vumbi tu." Nikaigeuza ubavu. Nikakuta stika ya mali ya shule, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: Chumba cha 14. Sasa jamani, kitu kimekaa chumba cha 14 miaka yote hiyo, kimebonyezwa na watoto wa watu asubuhi na mchana, halafu naambiwa hakijachezewa! Kule imeshastaafu, imeshaagwa, huku Mbagala ndiyo kwanza inaanza ajira, tena bila mkataba.

Nikauliza, na waya wa umeme? Winga akatazama dari. "Waya unapatikana duka la pili, tajiri." Monita? Ghorofani. Waya wa bluu wa monita? Kwa yule mama wa kibanda cha chaja. Kibodi na mausi? "Hapo vuka barabara, sema nimekutuma mimi." Nikavuka, nikasema nimetumwa, bei ikapanda. Watu wanasema Kariakoo hukosi kitu, na ni kweli, hukosi. Ila huwezi kuvikuta viwili vimekaa pamoja. Nadhani wakivikuta pamoja wanavitenganisha usiku.

Kwenye daladala ndiyo kabisa. Monita nimeipakata, sipiyu nimeiweka siti ya pembeni kwa sababu chini kulikuwa na ndoo ya samaki ya mtu. Konda akaja: "Mzee, huyu wa hapa analipiwa na nani?" Nikamwambia huyo ni mwanafunzi, anatoka shuleni, soma stika. Konda akasoma. Akasema mwanafunzi asiye na sare analipa nauli ya mtu mzima. Abiria wote wakamuunga mkono konda, hata wale ambao kila siku wanagombana naye chenji.

Nyumbani nikagundua ule waya wa duka la pili una miguu miwili ya duara, ya Kijerumani, wakati soketi zetu ni matundu matatu ya Kiingereza. Yaani kompyuta imetoka Uingereza, soketi ni ya Kiingereza, katikati kaja kukaa Mjerumani anazuia njia! Mke wangu, Mama Zawadi, akataka kuchomeka kifuniko cha kalamu tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, mtindo wa mtaa mzima. Nikakataa. Nikatuma mtoto akanunua adapta, buku mbili. Afadhali mimi kuliko jirani yangu, ya kwake ilitoka Marekani, na kule nyuma kuna kale kaswichi kekundu kalikuwa bado kako kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Alipochomeka tulisikia mlio hadi kwangu, kisha harufu, kisha sauti ya mkewe. Ya mkewe ndiyo ilichukua muda mrefu kuisha.

Basi nimeunga kila waya, nimebonyeza. Feni ikaanza kazi, monita ikabaki nyeusi, na pale mbele kuna vitaa vidogo vinne vilivyoandikwa 1, 2, 3, 4, vingine vikawaka vingine vikagoma. Kumbe ndiyo lugha yake. Hizi OptiPlex za umri ule zikiumwa hazikuandikii kitu, zinakuwashia namba, wewe ukatafute kitabuni ni ugonjwa gani. Kitabu kimebaki Chumba cha 14.

Akaitwa fundi. Fundi wa kompyuta wa huku kwetu hana papara ya kugusa mashine. Kwanza anaomba maji ya kunywa. Anakaa. Anaviangalia vile vitaa kwa huzuni, anatikisa kichwa, anakuuliza, "Mzee wangu, hii uliiona ikiwaka dukani?" Swali gani hilo? Nimeiona ikiwaka, ndiyo, kwa waya wa dukani, kwa monita ya dukani, kwa umeme wa dukani! Akavuta kale kashikio ka ubavuni, maana zile hazitaki bisibisi, mlango unafunguka wenyewe, akachungulia, akasema, "Kuna ufutio humu ndani?"

Nikadhani ni jina la kifaa. Kumbe ufutio, huu huu wa shule. Zawadi wa darasa la tatu akaleta wake wa pinki, wenye harufu ya stroberi. Jamaa akachomoa kipande cha ramu, akakishika kwenye kingo kwa vidole viwili, akaanza kusugua yale meno ya rangi ya dhahabu, taratibu, upande huu, akageuza, upande ule, akapuliza, akakirudisha na kukikandamiza mpaka vile vibanio vya pembeni vikalia ta, ta. Akabonyeza. Vitaa vikatulia, monita ikajaa mwanga, chumba kizima kinanuka stroberi.

"Msimbazi mmoja tu, mzee."

Elfu kumi kwa kufuta! Zawadi anafuta daftari zima la hisabati kila wiki na hajawahi kunidai. Nikamwambia sawa, ila toa gharama ya ufutio. Akatoa jero, hakubisha. Zawadi akaichukua ile jero palepale mkononi mwangu, kwamba ufutio ni wake.

Tangu hapo nikajiambia fundi hanioni tena. Mlango unafunguka bila bisibisi, ufutio upo, nashindwa nini? Kila jioni nikawa nafungua. Ndani kulikuwa na vumbi la Ulaya, pini za karatasi, maganda ya kuchonga penseli, na karatasi ya pipi ambayo Zawadi aliitunza. Tatizo likawa feni. Ikishawaka dakika chache inaanza kunguruma kama mashine ya kukoboa, mpaka mama wa nyumba ya pili akauliza tunakoboa kilo shilingi ngapi. Sababu ni kwamba ile pesti nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea ilikuwa imekauka imekuwa unga. Joto halipandi kwenye chuma, basi feni inajikaza kwa hasira. Unafuta ule ukoko kwa pamba na spiriti, unaweka pesti mpya tone dogo katikati, unarudishia. Tone dogo tu. Lakini pesti hawauzi tone, wanauza bomba zima, kwa hiyo sasa ninayo akiba ya kupaka prosesa zote za kata hii.

Halafu tarehe. Kila nikiizima usiku nikachomoa waya, asubuhi inaamka inaniambia saa haijawekwa, na yenyewe inaamini ni Januari 2009. Fikiria unaishi na mtu wa namna hiyo. Kwake yeye Kikwete yuko Ikulu muhula wa kwanza, daraja la Kigamboni halijajengwa, mwendokasi hakuna mtu anaujua. Ningeivumilia, kila mzee na enzi zake, ila intaneti haivumilii. Kila tovuti nikifungua naambiwa si salama, kwa sababu vile vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mtu aliyeko 2009 vyeti vyote havijaanza kutumika. Bando linakwenda, tovuti hazifunguki. Dawa yake ni kabetri bapa ka duara kanaitwa CR2032, volti 3, kamelala kwenye ubao mkubwa. Ya zamani ilikuwa imekufa. Nimenunua mpya, nikaweka saa, mashine ikaruka miaka yote hiyo kwa sekunde moja bila hata kuuliza nini kimetokea katikati.

Ramu nayo giga mbili, ukifungua kurasa tatu tu za intaneti inaganda. Nikaenda kuongeza. Duka la kwanza wakanipa ya laptopu, fupi. La pili wakanipa ramu ya aina ya DDR2, na hii 780 yangu inakula aina ya DDR3, lile pengo lake liko sehemu nyingine, haiingii hata uisomee dua. Muuzaji akaniambia, "Iingize kwa nguvu kidogo." Kaka, kwako kila kitu ni kwa nguvu kidogo?

Sasa tukaja kwenye kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Ubavuni ina stika ya Windows 7, ambayo Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Januari 2020. Windows 10 nayo ikafuata, tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema basi piga 11. Yule fundi, ambaye nilishasema hanioni tena, akaniona. Akacheka peke yake. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Hii yangu ni ya kabla hata hawajaanza kuhesabu vizazi. "Si mnapitaga kwa nyuma?" nikamuuliza, maana mjini hapa hakuna mlango usio na nyuma. Akasema zamani walipita, lakini tangu toleo la 24H2 hata nyuma pamezibwa, kwa sababu linataka amri moja ya prosesa inayoitwa POPCNT, na Core 2 Duo haikuzaliwa nayo. Nikamuuliza hiyo amri kazi yake nini. Kazi yake, alisema, ni kuhesabu ndani ya namba mna moja ngapi.

Kuhesabu moja! Mashine nzima inafanya mahesabu ya mabilioni kwa sekunde, inakataliwa kazi kwa sababu haijui kuhesabu moja kwa njia wanayoitaka wao. Hii ni yale yale ya tangazo la kazi ya ulinzi linalotaka shahada na uzoefu wa miaka mitano.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anasoma chuo. Alikuja na flashi, akasema, "Mjomba, achana na hao, nakuwekea Linux Mint." Ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows: bure, halali, haudai kizazi cha nane wala chipu. Akanishauri na diski ya SSD, ile isiyozunguka, maana ile ya zamani ya kuzunguka ilikuwa inalia kik-kik-kik kabla ya kufungua chochote. Hapo ikaondoka elfu arobaini nyingine, na sasa ukijumlisha waya, adapta, monita, betri, bomba la pesti, ramu na msimbazi wa stroberi, sipiyu yenyewe imekuwa bei ndogo kuliko hayo mengine kwa pamoja. Lakini semeni mnavyosema, inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Shida ni hicho kiti. Sikikuti wazi. Mama Zawadi alijifunza kuandika kwenye kompyuta kwa siku chache kwa kumwangalia tu mpwa wangu, na mtaa ukapata habari. Asubuhi kuna kijana wa barua ya maombi ya kazi. Mchana mjumbe wa nyumba kumi ana tangazo la usafi. Jioni mama wa kikundi cha vikoba ana orodha ya wadaiwa sugu, ambayo mimi nimeambiwa nisiisome, nikajua nimo. Karatasi moja jero, Mama Zawadi anaweka kwenye flashi, wateja wanakwenda kuchapisha stesheneri. Luku nanunua mimi. Bando nanunua mimi. Nikisogea karibu nicheze karata hata mchezo mmoja, naambiwa, "Baba Zawadi, kuna mteja."

Juzi nimerudi, nimekuta bahasha mezani. Kadi ya mchango wa harusi ya kijana wa mjumbe. Nzuri, ina maua pembeni, herufi za kulala. Nikaisifia. Mama Zawadi akasema ahsante, ameitengeneza yeye, kwenye kompyuta yetu. Nikaifungua, nikakuta jina langu, na kiwango kimeshajazwa: dabo, ya watu wawili, laki moja.

"Si kuna singo ya elfu hamsini?" nikauliza.

"Ipo," akasema, hata hakugeuka, vidole viko kwenye kibodi. "Ila mtu mwenye kompyuta ndani akitoa singo, watu watasemaje?"