Tusitangaze kuwa Pemba haina kichocho kwa kikopo kimoja cha mkojo

Kila nikisikia mtu mzima akisimama hadharani na kusema kichocho Pemba kimekwisha, napata wasiwasi. Furaha yake naielewa, na sehemu kubwa ya furaha hiyo ni ya haki. Sisi tuliosoma skuli za vijijini zamani tunakumbuka wakati mtoto wa kiume kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida, na wazee wengine wakilichukulia kuwa ni dalili ya kukua. Leo yapo madarasa mazima ambayo hutamkuta mtoto wa namna hiyo. Alhamdulillah. Lakini tangazo la kwamba ugonjwa umekwisha linasimama juu ya kipimo, na mimi niliyesomea kazi ya maabara nataka tukiangalie kipimo chenyewe kabla hatujapiga vigelegele.

Kazi inakwenda hivi. Mtoto anapewa kikopo chenye namba, anakwenda chooni, anarudi nacho. Saa zinazofaa ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kwa sababu mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi katika saa hizo. Maabara, mtaalamu anakitikisa kikopo, anavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, anausukuma mkojo upite kwenye kichujio chembamba kilichobanwa ndani ya kishikizo chake. Kisha anakitoa kichujio kwa kibano na kukilaza juu ya slaidi, anadondosha tone la ayodini, anaiweka chini ya hadubini. Anaipitisha slaidi safu kwa safu, kwenda na kurudi, akihesabu. Yai la kichocho cha mkojo ni refu kidogo na lina mwiba kwenye ncha moja. Ukishalijua hulisahau.

Pale pa kukitikisa kikopo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mayai ni mazito kuliko mkojo. Kikopo kikikaa mezani kwa muda, yote yanatua chini. Mtaalamu aliyechoka, mwenye foleni ya vikopo mbele yake na gari la kurudi mjini linamngoja, akivuta mkojo wa juu bila ya kutikisa, ataandika sifuri kwa mtoto ambaye ni mgonjwa. Sifuri hiyo itaingia kwenye daftari, kutoka daftarini itaingia kwenye kompyuta, na huko hakuna atakayeweza kuitofautisha na sifuri ya kweli.

Na hata akitikisa vizuri, bado. Minyoo ya kichocho inaishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, na jike hutaga kila siku, ila mayai mengi hunasa kwenye nyama za kibofu na za viungo vya jirani. Yanayofika kwenye mkojo ni sehemu tu. Aliyeambukizwa minyoo mingi atatoa mayai mia kadhaa katika mililita 10, huyo utamkamata hata ukiwa na usingizi. Mwenye minyoo michache anaweza kutoa mawili leo, kesho asitoe kitu, keshokutwa akatoa matano. Kumpima mara moja na kumwambia hana ni sawa na kuteka konzi moja ya mchele kutoka gunia, kuikagua kwenye sinia, na kuapa kuwa gunia zima halina chenga ya jiwe.

Zamani, wagonjwa walipokuwa wengi na minyoo yao mingi, upungufu huu haukutuumiza sana. Shehia, yaani kijiji au mtaa ulio chini ya sheha, yenye nusu ya watoto wagonjwa itaonekana tu, hata kwa kipimo kizito cha macho. Sasa hali imegeuka. Waliobaki na kichocho Pemba wengi ni wale wenye mayai machache, yaani watu walewale ambao kipimo chetu cha kila siku kinawakosa kwa urahisi zaidi. Kadiri tunavyofanikiwa ndivyo kipimo kinavyozidi kutudanganya. Hili ndilo ninalotaka watoa matangazo walifikirie.

Kati ya mwaka 2012 na 2017 uliendeshwa hapa kwetu mradi wa ZEST, wa kujaribu kukata kabisa maambukizi ya kichocho Zanzibar. Shehia 90 zilichukuliwa, 45 Unguja na 45 Pemba, zikagawiwa makundi matatu kwa bahati nasibu. Zote zilipata prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, mara mbili kwa mwaka. Kundi moja liliongezewa kunyunyizwa dawa ya kuua konokono wanaombeba mdudu huyu kwenye mabwawa na mito, jingine likaongezewa elimu na vishawishi vya kuwafanya watu waache kukojoa na kuoga majini. Ulikuwa utafiti mzuri, na natamani watoto wetu wausome skuli, kwa sababu waliofanya kazi yake ngumu, ya kutembea kwa miguu na vikopo kwenye masanduku, walikuwa vijana wa hapahapa. Kichocho kilishuka sana visiwani. Lakini maambukizi hayakukatika, na zikabaki shehia ambazo kila ukipima unakikuta.

Hapo pana mambo mawili ambayo kila siku huchanganywa. Shirika la Afya Duniani linasema kichocho kimeacha kuwa tatizo la afya ya jamii pale wenye maambukizi makali, yaani mayai 50 na zaidi katika mililita 10 za mkojo, wanapopungua chini ya asilimia 1. Kukata maambukizi ni jambo jingine: hakuna mtu mpya anayeambukizwa, basi. La kwanza tumelikaribia, na sehemu nyingi tumeshalifikia. La pili bado. Na tofauti yake ni kubwa, kwa sababu mdudu huyu ana hila moja mbaya. Yai moja likifika kwenye maji likaangua na kuingia ndani ya konokono, konokono yule baadaye humwaga maelfu ya vijidudu vinavyotafuta ngozi ya mtu. Mtoto mmoja mwenye mayai matatu, aliyeandikiwa sifuri, anatosha kulirudisha bwawa lilipokuwa.

Vipo vipimo vyenye macho makali zaidi. Kimoja kinatafuta antijeni ambayo minyoo yenyewe huitapika kwenye damu ya mtu na baadaye hutokea kwenye mkojo, kwa hiyo hakitegemei uwe na bahati ya kukutana na yai. Kilipojaribiwa Zanzibar pamoja na kichujio, kilinasa watu wengi zaidi kuliko hadubini. Kipo pia cha PCR kinachotafuta vinasaba vya mdudu. Vyote vinahitaji umeme usiokatika, friji, vifaa vya kuagiza nje na watu waliofundishwa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ni ushahidi kwamba kazi ya namna hii inaweza kufanyika Pemba bila ya kusubiri majibu kutoka Ulaya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vipimo hivi ni anasa ya matajiri.

Msomaji atauliza: kweli kuangalia mara mbili au mara nne kunabadilisha kitu? Jibu liko hapahapa kisiwani, ila kwa mnyoo mwingine. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Pemba wenye minyoo ya mjeledi. Walilinganishwa waliopewa albendazo, waliopewa mebendazo, na waliopewa oksanteli pamoeti, wengine peke yake, wengine pamoja na albendazo. Kabla ya dawa na wiki tatu hivi baada ya dawa, kila mtoto alitoa choo mara mbili, na kila choo kilisomwa kwa slaidi mbili. Yaani slaidi nne kwa kila mtoto, kila awamu. Albendazo, kidonge ambacho tumewagawia watoto wetu miaka nenda miaka rudi, iliponya asilimia 2.6 tu ya wenye mjeledi. Mebendazo asilimia 11.8. Oksanteli pamoja na albendazo ilifika asilimia 31.2.

Slaidi hiyo ya choo, ambayo maabara tunaiita Kato-Katz, hubeba miligramu 41.7 tu. Ukikuta yai moja unazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu. Dawa dhaifu inapunguza mayai bila ya kumaliza minyoo, na mayai yakishapungua slaidi moja inayakosa. Lau wale watafiti wangeridhika na slaidi moja, albendazo ingeonekana dawa bora kuliko ilivyo, na sisi tungeendelea kuiamini. Na kwa minyoo ya safura mambo ni mazito zaidi, maana mayai yake ukiyaacha kwenye slaidi kwa zaidi ya saa moja yanang'aa mpaka hayaonekani. Anayesoma asubuhi na anayesoma jioni wataandika majibu mbalimbali kwa slaidi ileile. Kwa nini basi tunashangaa takwimu za wilaya mbili zinapopishana?

Pemba imewahi kuufundisha ulimwengu wote jambo kubwa kwa sababu watu walivumilia kupima sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wa miezi 1 hadi 35 walipewa hapa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, wengine wakapewa vidonge visivyokuwa na dawa, na si mzazi wala mgawaji aliyejua nani kapata kipi. Kila mtu aliamini chuma ni kheri tupu kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ikaona hatari, na Agosti 2003 vidonge vya chuma vikasitishwa. Watoto waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa wamelazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao. Wakati ule malaria ilikuwa imetanda kisiwani. Kundi dogo la watoto waliopimwa damu kabla likaonesha jambo jingine: wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu walifaidika. Matokeo yalipotoka mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Hapo pana watoto wengi duniani walionusurika kwa sababu ya daftari zilizoandikwa kwa uaminifu Chake, Wete na Micheweni. Mimi naona fahari, na naona pia deni.

Sisemi kila kipimo kipya kikumbatiwe. Kipimo chenye macho makali kupita kiasi nacho kina fitina yake. Tuchukulie shehia ambayo mtu 1 tu katika 100 ana kichocho, na kipimo kinachokosea kwa kuwasingizia 2 katika kila 100. Utapata watatu walioonekana wagonjwa, na wawili kati yao wazima. Ule ukijiti wa kuchovya kwenye mkojo kutafuta damu ulitusaidia sana kichocho kilipokuwa kingi, lakini sasa utakuta umebadilika rangi kwa msichana aliye kwenye siku zake, ambaye hana mdudu hata mmoja. Ndiyo maana natetea kupima kwa hatua: kipimo chepesi kwanza, kisha walioonekana warudiwe kwa kipimo cha pili, na angalau slaidi moja katika kila kumi isomwe upya na mtu wa pili asiyeambiwa jibu la mwanzo. Utafiti wa SchistoBreak ulioanza mwaka 2020 kaskazini mwa Pemba umekwenda kwa fikra inayofanana na hii: shehia ambazo wanafunzi walioambukizwa hawafiki asilimia 3 hazikumwagiwa dawa kijiji kizima, bali waliogundulika walitibiwa, maji waliyoyatumia yakatafutwa, na wanaoyatumia nao wakapimwa. Hiyo ndiyo kazi ya kumalizia, na inahitaji wataalamu wa maabara wengi kuliko ile ya mwanzo. Kwa bahati mbaya fedha huwa zinaondoka pale tu namba zinapokuwa ndogo.

Kuna watu wengine ambao hesabu zetu zinawaacha. Tunapima skuli kwa kuwa skuli ni rahisi, watoto wamekusanyika na mwalimu yupo. Lakini mama anayepandikiza mpunga kwenye maji ya magoti hayuko skuli. Kijana aliyeacha masomo anayeoga mtoni jioni hayupo. Na kwa wanawake ugonjwa huu hutua pia kwenye njia ya uzazi, ukaleta vidonda na kutokwa damu, wakati mkojo wao unaweza usiwe na yai lolote. Wangapi kati yao wametibiwa kwa magonjwa ya zinaa, wakaondoka na aibu isiyo yao? Karatasi ya skuli haiwezi kutujibu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara na kwa wafadhili ni hili. Kabla ya tangazo jingine lolote, kila shehia inayohesabiwa kuwa haina kichocho ipimwe kwa mikojo ya siku tatu tofauti, wakubwa kwa wadogo, na mabwawa yake yakaguliwe konokono. Timu zifuate watu mabondeni saa saba mchana, zisiwangoje kwenye kibaraza cha skuli. Wasomaji wa slaidi walipwe kwa siku, si kwa idadi ya slaidi, maana anayelipwa kwa idadi hatokitikisa kikopo. Na majibu yarudishwe kwa sheha kwa maandishi, kwa Kiswahili, yakitaja walipimwa wangapi, kwa kipimo gani, na kipimo hicho huwakosa watu wa namna gani.