Jozi si zote sawa

Nimesoma makala kuhusu jozi, zile kokwa za ganda gumu ziitwazo walnut kwa Kiingereza: eti gramu 30 zina omega-3 (aina ya mafuta) ileile, gramu mbili na nusu, popote zilipolimwa? Hapo mwandishi kateleza. Kiasi hicho ni wastani tu; uwiano wa mafuta hubadilika kwa mbegu na hali ya hewa, na jua kali likizikuta mtini, kiini hunyauka na kuingia weusi. Mimi niko Maskati, hununua jozi za Jabal Akhdar, milima ya Oman iliyo mita 2,000 hivi juu ya bahari, zinazonyweshwa maji ya falaji, mifereji ya jadi ya huku. Ganda halivunjiki bila nyundo! Jozi aina ya Chandler za California huvunjika kirahisi, kiini cheupe, ila zikikaa dukani kwenye joto huchachuka, zinakwaruza koo. Nyie mnaonunua Dar, zinafika zikiwa na ladha gani?